Nani Alimwacha Nani

Chuo cha Tiberia,
Dagoretti.
13 Februari 1966

Peres wangu,

Pokea salamu. Mimi ni mzima, isipokuwa kichwa, maana tumeanza Kiyunani. Wenzangu wote darasani wanakisoma ili wawekewe mikono wawe wachungaji. Mimi nakisoma kwa sababu ya mstari mmoja, na wewe ndiwe unayeujua.

Unakumbuka tulivyokwenda kwa Mchungaji Kihara kumwomba atufungishe ndoa, alivyofunga kitabu kidole chake kikabaki ndani? "Mwanamke aliyemwacha mume haolewi tena kanisani, sembuse na kijana anayetaka kuwa mchungaji. Imeandikwa." Nikamuuliza imeandikwaje. Akasema, "Imeandikwa, kijana." Basi nimekuja kuona ilivyoandikwa kabla haijapita mikononi mwa watafsiri. Huenda neno lilipinda njiani. Likiwa limepinda nitalinyoosha, nilipeleke mbele ya baraza, kisha nikuoe kanisa zima likitazama.

Mwalimu wetu ni Bwana Tulloch, Mskoti mrefu anayeweka chaki sikioni kama seremala. Gerishon, jirani yangu wa kitanda, anakariri alfabeti akioga: alfa, beta, maji baridi. Mwaka wa kwanza haturuhusiwi kutoka ila Jumamosi moja kwa mwezi, na simu iko mezani kwa mkuu wa chuo, kwa hiyo usipige. Andika.

Wako,
Shem Were


Kilimani,
2 Machi 1966

Mpendwa Shem,

Barua imefika. Unaniambia nisipige simu, mimi ambaye kazi yangu ni simu. Kutwa niko kwenye swichibodi ya hoteli mjini, nawaunganisha watu ambao wangeishi vizuri zaidi bila kuongea. Na wewe uko Dagoretti hapo tu, upepo ukigeuka tunanusa kichinjio chenu, lakini kukufikia ni lazima stempu.

Kasyoka ameniuliza unasoma nini. (Ni yaya wa wenye nyumba hii, chumba cha uani ninacholala ni chake, mimi nimejibanza.) Nikamwambia.

"Hiyo lugha inaongewa wapi?"

Nikasema waliokuwa wakiiongea hivyo walikufa zamani.

"Sasa huyo mtu yako akiijua, ataongea na nani?"

"Na Mchungaji Kihara."

Akafikiri. "Haya. Huyo pia si kijana."

Lakini kabla hujazama, kumbuka jambo lenyewe lilivyokuwa, alfabeti isije ikalifunika. Nilipelekwa kwa yule mtu nikiwa msichana. Hakuwa mtu wa kanisa wala hakutaka kuwa. Mwaka haujaisha akaenda Kampala kununua baiskeli. Sijui ni baiskeli gani hiyo, maana mpaka leo haijapatikana. Alituma neno kwamba ameoa huko, asingojewe. Bado nikapalilia shamba la mama yake misimu miwili. Ndipo nikafunga mzigo nikarudi kwa baba, na kijiji kizima kikasema: Peres amemwacha mume. Kwetu nyumba ni ya mwanamume hata akiwa hayumo. Anayeonekana akitoka mlangoni ni mwanamke, basi yeye ndiye aliyeacha.

Ukiwafikia hao Wayunani wako waulize hilo tu: nani alimwacha nani.

Wako,
Peres Awiti


Chuo cha Tiberia,
19 Juni 1966

Peres wangu,

Nisamehe kwa Jumamosi. Najua ulikaa bustani ya Jeevanjee ukiningoja. Bwana Tulloch aliniita chumbani kwake baada ya chakula cha mchana, nikadhani ni maneno mawili, kumbe ni jioni.

Nikueleze kilichotokea utanielewa. Alitumia asubuhi nzima kutufafanulia hali fulani ya kitenzi, ambapo jambo lilitendeka zamani na matokeo yake bado yapo. Kiingereza chake kikahangaika, akachora mishale ubaoni, darasa likasinzia. Nikainua mkono nikasema, "Bwana, ni kama 'mtoto amelala'. 'Alilala' hiyo imekwisha, habari ya jana. 'Amelala', nenda kitandani utamkuta." Akaitoa chaki sikioni. Akaniambia niseme tena. Akasema, "Were, watoto wa Ulaya wanalia miaka miwili kabla hawajaliona hilo."

Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote, Peres. Tangu siku hiyo ananifundisha peke yangu, Jumamosi. Ni kwa faida yetu. Mstari wetu tutaufikia mwakani, na nikiufikia nitakuwa na macho.

Umeniandikia kwamba "ulikuwa umekaa ukakaa ukiwa unakaa" pale bustanini. Hapo vitenzi vimesongamana kidogo.

Wako,
Shem


Kilimani,
3 Julai 1966

Mpendwa Shem,

Vilisongamana kwa sababu nilikaa sana.

Nimefurahi Bwana Tulloch amekuona. Mimi pia ningependa kukuona. Kasyoka anasema ningekuwa kitenzi ungekuja.

Peres


Chuo cha Tiberia,
9 Machi 1967

Peres wangu,

Tumeufikia mstari. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa nautazama nikitumaini utabadilika.

Kiswahili chetu kinasema mwanamke anayemwacha mume kisha anaolewa na mwingine, azini. Anaolewa: ni jambo analotendewa, kuna mwingine aliyelitenda. Wayunani nao husema vivyo hivyo kwa kawaida, mwanamume ndiye mwenye kitenzi, mwanamke hukipokea. Kitenzi chenyewe ni gamo, "ninaoa". Lakini hapa, katika nakala za kale kabisa, mwandishi hakusema anaolewa. Amesema anaoa. Mwanamke! Nilimwonyesha Bwana Tulloch nikidhani nimekosea, akasema, "La, umesoma sawasawa." Kwa hiyo ameacha yeye, ameoa yeye, na lawama yote ni yake.

Nilikuja huku nikiamini watafsiri walilipindisha neno likakuumiza. Kumbe walilipindisha wakakuhurumia. Kiyunani ni kikali zaidi. Siwezi kwenda na hili mbele ya Kihara.

Shem


Kilimani,
27 Machi 1967

Mpendwa Shem,

Kwanza nikuchekeshe, maana barua yako ilikuwa kama ya msiba.

Hotelini kuna mzee wa Kigiriki, ameuza shamba lake la mkonge huko Tanga kabla serikali haijalichukua, anangoja ndege ya kwenda kwao. Kila asubuhi anakuja kaunta kuulizia simu ambayo haiji. Nikaona heri nimuulize mwenye lugha. Nikasema kwa heshima zote, "Bwana, kwenu gamo ni nini?"

Alinitazama kama nimemvua suruali. Akasema kwa Kiswahili chake cha mkonge, "Wewe binti, nani nafundisha wewe hii neno?"

"Chuo cha wachungaji, Dagoretti."

Akacheka mpaka akashika kaunta. Alipopata pumzi akanieleza kwamba kwao siku hizi neno hilo halisemwi mbele ya mama. Kazi yake ni ile ile ya zamani, ila harusi imeondolewa. Kila akinipita sasa anainua kofia. Tafadhali mwangalie Gerishon asije akalikariri akioga.

Sasa jambo lenyewe. Unasema Kiswahili kilinihurumia. Sikukiomba. Na kama kuna lugha ambamo mwanamke anaoa, mimi sioni ukali wake uko wapi, naona tu kwamba imemhesabu kuwa mtu. Lakini tuache hilo. Mstari wako ni wa mwanamke aliyemwacha mume, Shem. Mimi sikumwacha. Mwaka mzima unasukuma mlango wa nyumba ya jirani halafu unaniambia umefungwa.

Katika Kiyunani chote hicho, hakuna mahali mwanamume ndiye anayeondoka? Tafuta hapo. Ukikosa, niambie umekosa, nitajua la kufanya na maisha yangu. Hiyo ndiyo haki yangu ya pekee ninayokuomba.

Wako,
Peres


Chuo cha Tiberia,
20 Novemba 1967

Dada mpendwa Peres,

Salamu katika jina la Bwana. Barua zako zote nimezipata, na ukimya wangu usiupe maana ambayo hauna.

Swali uliloniuliza nimelichunguza kwa bidii. Nimepitia kila mahali. Hakuna. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu najua unalingojea jibu.

Kuna habari ambayo ningependa uisikie kwangu. Bwana Tulloch ameniombea nafasi kwao Skotilandi, nikasome Kiyunani hadi digrii. Sijui kama itatoka. Mwafrika wa kwanza kutoka chuo hiki. Omba pamoja nami.

Desemba yote nimefungwa na mitihani, mjini sitafika kabisa. Usiningoje mahali popote.

Nduguyo katika imani,
Shem Were


Kilimani,
15 Januari 1968

Bwana Were,

Nimekuwa dada yako tangu lini? Ningeambiwa mapema ningemjulisha mama, angefurahi kusikia amezaa tena bila taabu.

Jumapili ya mwisho wa Desemba Kasyoka alinivuta twende lile kanisa kubwa la mjini. Kwaya ya watu wa kwao ilikuwa inaimba. Tulikaa nyuma, nyuma ya nguzo. Kwaya ikaimba. Akasimama mzee kututangazia kwamba leo mahubiri yatatolewa na mwanafunzi bora wa Chuo cha Tiberia. Kasyoka akanigusa kiwiko ubavuni. "Huyo si ni ile mitihani yako?"

Kanzu ilikuwa ndefu kwako. Ulikuwa unaikanyaga kila ukigeuka kumtazama Bwana Tulloch pale mbele.

Sikuja kusikiliza, lakini kazi yangu imenizoesha kusikia. Ulisema Mtume anazungumza juu ya mwamini aliyeoana na mtu asiyeamini, na yule asiyeamini akaondoka. Ulisema Kiswahili kinatuambia huyu aliyebaki hafungiki, na kwamba hilo ni neno jepesi, kama kamba iliyolegea. Ukasema neno lenyewe, nimelishika kwa sauti, u dedulotai. Hajafanywa mtumwa. Na ni ile hali yako ya "mtoto amelala": hakufanywa mtumwa jana, na ukienda kumtazama leo utamkuta si mtumwa. Watu wakasema amina. Mimi pia nilitaka kusema amina. Midomo ilikuwa imeshafunguka.

Ndipo ukasema: "Namfahamu mwanamke mmoja, ndugu zangu. Mumewe alikwenda Kampala kununua baiskeli."

Kanisa likacheka. Ulingoja wamalize kucheka, Shem. Unajua kungoja. Kisha ukawaambia jinsi nilivyopalilia shamba la mama mkwe, na sauti ikashuka vizuri, mama mmoja mbele yangu akatoa leso. Ukawauliza, "Ni nani alimwacha mwenzake?" Swali langu lilikuwa limevaa kanzu.

Kasyoka akanong'ona, "Si huyo ni wewe?" Nikamwambia hapana, ni mwanamke mmoja anayemfahamu.

Novemba uliniandikia hakuna. Desemba ulikuwa nalo mdomoni. Nataka kujua ulilipata lini.

Peres Awiti


Chuo cha Tiberia,
28 Januari 1968

Peres,

Laiti ungeniambia ulikuwapo.

Nililiona Agosti. Usinihukumu haraka. Kuliona neno si sawa na kuweza kulitumia. Ningelipeleka kwa Kihara wakati ule, angesema nimelitafuta kwa sababu ya haja yangu mwenyewe, na angekuwa na haki. Neno likitolewa na mtu mwenye haja nalo linachafuka. Nilifikiri: nilifundishe kwanza kama elimu, bila jina la mtu, baraza lipate kulikubali, halafu muda ukipita tuje sisi wawili kama watu wengine. Mahubiri yale yalikuwa kwa ajili yako. Nashangaa hukuliona hilo.

Na kuna jambo la nafasi ya Skotilandi. Imetoka, ila si kamili. Wale watu wanataka kijana asiye na mke wala mchumba, kwa sababu nyumba wanazotoa ni za mtu mmoja. Kihara ndiye anayethibitisha kwa niaba ya kanisa. Anakumbuka tulikwenda kwake wawili, kwa hiyo atakuja kukuuliza. Sikuombi useme uongo. Ndugu katika imani si uongo. Ni miaka mitatu tu. Nikirudi na digrii, ni nani atakayenibishia neno lolote? Nitakuoa siku utakayoitaja.

Nisaidie katika hili moja.

Shem


Chuo cha Tiberia,
6 Aprili 1968

Peres wangu mpenzi,

Kihara amerudi. Sikuthubutu kumuuliza kitu, akaniambia mwenyewe mbele ya mkuu wa chuo: "Nimezungumza na yule dada. Hakuna ahadi kati yenu." Nilitoka nje nikaketi nyuma ya jiko, nikalia kama mtoto.

Ulinyamaza miezi miwili, nikadhani una hasira. Kumbe ulikuwa unajiandaa kunifanyia hili. Nimesoma maneno mengi juu ya upendo, kwa lugha ambayo ina maneno kadhaa ya upendo, na bado sikuwa nimeuona ukitendwa. Wewe hukusoma Kiyunani hata kidogo na umenipita.

Naondoka tarehe ishirini na mbili, uwanja wa Embakasi. Kwaya ya chuo itakuwapo, pamoja na akina mama wa kanisa. Simama nao, hakuna atakayeshangaa, na mimi nitajua yupi ni wangu. Miaka mitatu, Peres. Ningoje.

Wako daima,
Shem


Kilimani,
15 Aprili 1968

Kwa Bwana Shem Were,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwa ajili ya Kasyoka, ambaye alikuwa anapiga pasi na hakuamini.

Umeelewa vibaya, na kwa kuwa wewe ni mtu wa kuelewa maneno, nikueleze yalivyosemwa.

Mchungaji Kihara alikuja hotelini wakati wa mapumziko yangu. Hakutaka chai. Tulikaa pale viti vya wageni, ameshika kofia magotini. Amezeeka.

Akasema, "Binti yangu, mlikuja kwangu wawili. Ile ahadi bado ipo?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na jibu la kukuzuia, na nilikuwa na jibu ulilonitungia, la ndugu katika imani. Sikutumia hata moja. Niliuangalia moyo kama mtu anavyopapasa mfuko wa koti, nikaona hamna kitu. Nikamwambia, "Haipo, Mchungaji." Sikusema hivyo ili uende. Niliulizwa swali, nikajibu. Ungekuwa unakwenda Skotilandi au unabaki kufundisha alfabeti Dagoretti, jibu lingekuwa hilo.

Kisha akasema jambo ambalo sikumuuliza. "Neno alilohubiri Were, mimi sikulijua. Angeniletea siku aliyolipata, ningewafungisha ndoa wiki ile ile. Mimi hukataa kwa sababu imeandikwa. Ikiandikwa vingine, sina ugomvi."

Basi Agosti. Sote tulikuwa hapa hapa. Wewe Dagoretti, yeye mjini, mimi Kilimani. Hapakuwa na mtu aliyekuzuia.

Nikamuuliza kama neno lile ni kweli, au lilikuwa la kupatia alama tu. Akasema ni kweli, baraza limelikubali, wanawake wengine wawili wameshaitwa waambiwe wako huru. Nikamwambia, "Basi niandikie na mimi." Akaomba karatasi ya hoteli, akaandika pale pale gotini: kwamba Peres Awiti hafungiki, na yuko huru kuolewa kanisani na mtu yeyote.

Kwa hiyo nakushukuru. Mahubiri yako yamenifungua, kama ulivyosema yalikuwa kwa ajili yangu. Wanaweza kuyatumia hata huko uendako, yana baiskeli, watu watacheka.

Embakasi sitakuja. Niko kazini. Usinyanyue shingo kunitafuta katika kwaya, utawatisha wale akina mama wa sauti ya pili.

"Mtu yeyote", ameandika Kihara. Nimekaa na neno hilo siku kadhaa, nikajaribu kuliweka jina lako ndani yake. Haliingii.

Peres Awiti